Sayyid Barghash na maji ya mji: Tumejifunza nini?

Ijumaa moja hivi karibuni, hapa Dar es Salaam, tulifika msikitini kwetu tukakuta tangi tupu. Ilikuwa imebaki nusu saa kabla ya adhana. Bomba lilikuwa limekauka tangu Jumatano na hakuna aliyejaza tangi. Vijana wakatoka mbio hadi kwa muuza maji mwenye mkokoteni, wakanunua madumu kumi na mawili kwa fedha za mifukoni mwao. Wazee wakapanga foleni na vikopo mikononi. Tulitawadha, tukasali, alhamdulillahi. Lakini nikiwa kwenye foleni ile nilitazama juu nikaona kuba jipya tulilolichangia kwa miaka mitatu, kisha nikatazama koki mbovu ambayo hakuna aliyeichangia hata shilingi. Hapo nikamkumbuka mtu mmoja aliyefariki mwaka 1888, Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar.

Najua, ndugu msomaji, kwamba jina hilo huzua mabishano. Wapo wanaoliona kama jina la fahari, na wapo ambao kwao sultani ni sultani tu, habari ya watumwa na mashamba ya karafuu. Mimi sitaki kumtetea wala kumtukana. Nataka kusimulia maisha yake kwa sababu ya jambo moja alilolifanya, ambalo sisi wa mijini tunalihitaji leo kuliko kuba.

Barghash alizaliwa katika miaka ya 1830, mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan, yule aliyeifanya Zanzibar kuwa makao yake badala ya Muscat. Mwaka 1856 mzee huyo alifariki akiwa baharini, safarini kurejea Unguja, na Barghash alikuwamo ndani ya merikebu. Kijana akajaribu kuutwaa utawala, akashindwa. Aliyekaa kitini ni ndugu yake, Sayyid Majid. Mwaka 1859 Barghash akaasi, akajikusanya na wafuasi wake katika shamba nje ya mji, na wanamaji wa Kiingereza wakamsaidia Majid kumtoa. Akapelekwa Bombay, India, uhamishoni.

Hapa nawaomba tusimame kidogo. Uhamisho ni adhabu, lakini pia ni shule. Barghash alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na mji aliopelekwa ulikuwa mkubwa kuliko wowote aliokuwa ameuzoea. Mwaka 1860 Bombay ilianza kupata maji ya mabomba kutoka bwawa la Vihar, lililojengwa nje ya mji baada ya miaka mingi ya visima na mabirika kukauka au kuchafuka. Mtoto huyu wa mfalme aliishi katika mji uleule, mwaka uleule, watu walipoanza kuteka maji yaliyosafiri maili nyingi kuwafuata. Mwaka 1861 aliruhusiwa kurudi Unguja, akakaa kimya hadi Majid alipofariki Oktoba 1870. Ndipo akawa Sultani.

Alirithi mji gani? Tukiutazama leo Mji Mkongwe tunaona milango ya nakshi, baraza, vichochoro vyenye kivuli na kuta nene za mawe na chokaa zinazotunza ubaridi mchana kutwa. Ni ujenzi wa busara, uliotumia matumbawe na boriti za mikoko, vitu vya hapohapo. Lakini chini ya busara hiyo palikuwa na balaa. Mji ulikaa kwenye rasi nyembamba, bahari upande mmoja na mkono wa bahari upande wa pili. Ardhi ni mchanga na matumbawe, inayopitisha kila kimiminika. Visima vilichimbwa humohumo katikati ya nyumba, jirani na mashimo ya vyoo na makaburi, na taka zilitupwa ufukweni. Livingstone alipopita mwaka 1866 alilalamikia harufu ya pwani ile.

Matokeo yake yalikuwa mauti. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuupiga mji mwishoni mwa miaka ya 1850. Kikarudi mwaka 1869, safari hii kikitokea bara kwa njia ya misafara, na hadi kinaondoka mwaka 1870 kilikuwa kimeua maelfu ya watu. Daktari mmoja wa Kiskoti aliyefanya kazi pale, James Christie, alifuatilia maradhi hayo mtaa kwa mtaa, na mwaka 1876 akachapisha kitabu juu yake. Miezi michache baada ya mazishi hayo ndipo Barghash alipoketi kitini.

Mwanzo wa utawala wake ulikuwa mgumu. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliikumba Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini, zikiwamo merikebu zake mwenyewe. Mwaka uliofuata Waingereza wakamtaka atie saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga soko lao. Alikataa. Wakamtishia kukizingira kisiwa kwa manowari. Tarehe 5 Juni 1873 akatia saini, na soko la Mkunazini likafungwa.

Hapa lazima tuwe wakweli. Barghash hakutia saini kwa hiari. Utajiri wa dola yake, ushuru wa forodha na mashamba ya karafuu, ulisimama juu ya migongo ya watu waliotekwa bara. Na utumwa wenyewe haukuisha siku ile. Hadhi ya kisheria ya mtumwa haikuondolewa Unguja na Pemba hadi mwaka 1897, miaka tisa baada ya kifo chake. Mwenye kuandika habari za miji bila kutaja nani aliibeba mizigo yake anaandika nusu. Hata maji ya kunywa, kabla ya mabomba, yalifika ghorofani kwa vichwa vya watumwa na wanawake wa nyumba maskini.

Mwaka 1875 alisafiri hadi Uingereza akapokewa na Malkia Victoria. London aliyoiona ilikuwa imepigwa na kipindupindu mara kadhaa, na ilikuwa ikikamilisha mtandao wake mkubwa wa mitaro ya maji machafu chini ya ardhi. Ndiyo kusema, Barghash alipata kuishi au kupita katika miji miwili iliyokuwa imejifunza somo moja kwa gharama ya roho za watu: mji haufi kwa kukosa majumba, hufa kwa maji mabaya.

Basi alifanya nini? Wengi tunamkumbuka kwa Beit al-Ajaib ya mwaka 1883, jumba refu kuliko yote mjini, lenye nguzo za chuma na baraza pana kila ghorofa. Tunalikumbuka kasri la Marhubi na miembe yake. Lakini kazi yake kubwa haikuonekana kutoka baharini. Nje ya mji, upande wa kaskazini, ipo chemchemi, na mahali penyewe panaitwa Chemchem. Mvua inanyesha, inazama taratibu katika ardhi, inachujwa na mawe, kisha inatoka ikiwa safi. Barghash aliyaleta maji yale mjini kwa mifereji na mabomba. Hapakuhitajika mashine ya kuyasukuma, kwa kuwa chemchemi iko juu kuliko mji; maji yaliteremka yenyewe. Wenyeji wakateka bure.

Fikiria maana yake. Mama aliyekuwa akipoteza nusu ya asubuhi kisimani, akirudi na maji ya chumvichumvi yenye maradhi, sasa anakinga maji matamu mtaani kwake. Tajiri wa Shangani na mchukuzi wa bandarini wanakunywa chemchemi moja. Muibadhi, Msunni, Mshia, Mhindu na Mgoa, wote waliokuwa wakiishi ukuta kwa ukuta, hakuna aliyeulizwa dini yake bombani. Pale Hamamni akajenga bafu za umma, kazi iliyosimamiwa na fundi Haji Gulamhussein kwa mtindo wa Kiajemi, ambako mtu aliingia kuoga, kunyolewa na kutawadha. Mtaa ule umelibakisha jina hilo hadi leo. Zaidi ya hayo, meli zake zilichukua bure mahujaji wasiokuwa na uwezo, na alianzisha kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vya elimu ya dini. Lakini mimi namsimamisha kwenye maji.

Sasa tuyaseme na mapungufu, maana bila hayo somo halipo.

Kwanza, maji yaliingia, lakini mitaro ya kutolea uchafu haikuwekwa kwa kipimo kilekile. Mashimo yalibaki. Maji safi bila njia ya maji machafu ni kazi nusu, na kosa hilo tumelirithi katika kila mji wa pwani. Nani kati yetu hajavuka kichochoro akikunja kanzu kwa sababu ya shimo la jirani lililofurika masika?

Pili, kipaumbele kilikuwa kwa mji wa mawe. Ng'ambo ya mkono ule wa bahari ulikuwa unakua mji mwingine wa vibanda vya udongo na makuti, mji wa vibarua, watumwa na walioachwa huru. Jina lenyewe, Ng'ambo, linasema yote: upande wa pili. Mji unaogawanywa na maji hivi, huku mawe na kule makuti, unapanda mbegu ya chuki, na mavuno yake Zanzibar iliyaona.

Tatu, sisi wa Dar es Salaam tuna dai letu. Mji huu ulianzishwa na Majid katikati ya miaka ya 1860. Alipofariki, Barghash aliuacha. Majengo yakabaki kuoza kwa miaka mingi, mpaka Wajerumani walipokuja na kuufanya makao makuu mwaka 1891. Mtawala mmoja anapenda, mwingine hapendi, na mji unalipa.

Na hili la tatu ndilo linalonisumbua, kwa sababu liligusa hata maji yake mwenyewe. Kuanzia mwaka 1884 Wajerumani walianza kukusanya mikataba bara. Agosti 1885 manowari zao zikaja mbele ya kasri lake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakaa wenyewe wakampimia ukanda wa pwani wa maili kumi, na yaliyobaki bara wakagawana. Mtu aliyewaamini Waingereza alijikuta hana dola. Akaugua, akaenda Uarabuni kutafuta nafuu, akarudi mahututi, akafariki Machi 1888 akiwa na umri wa miaka hamsini hivi. Miaka miwili baadaye Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Kuanzia hapo, wenye kauli juu ya bomba lile hawakuwa waliolijenga wala waliolitumia.

Jambo alilowapa watu kwa mkono wake lilitegemea mkono wake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya hisani na wakfu. Hisani hufa na mtoaji, au hubadilika na anayemfuata. Wakfu ulioandikwa vizuri una kipato chake, una msimamizi, na una watu wenye haki ya kumuuliza. Hata Beit al-Ajaib, pamoja na umaarufu wake wote na hadhi ya Mji Mkongwe kama urithi wa dunia tangu mwaka 2000, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo halilindwi na sifa. Linalindwa na mtu anayelipwa kuziba ufa kabla haujawa shimo. Chemchemi nayo hailindwi na bomba. Inalindwa na ardhi inayoizunguka, na miti, na kuwakatalia wanaotaka kujenga juu ya mkondo wake.

Turudi msikitini kwetu. Paa letu ni la mabati, pana kuliko la nyumba yoyote mtaani. Kila masika maji yanaporomoka kutoka pale, yanachimba uwanja, yanaingia kwa jirani, kisha kiangazi tunanunua madumu. Tukiweka mifereji na tangi la chini, tutatawadha miezi mingi kwa mvua yetu wenyewe. Tuna vyumba viwili vya duka vinavyokodishwa mbele ya msikiti. Kodi ya kimoja ikiandikwa kuwa wakfu wa maji, kwa ajili ya koki, tangi, mfereji na shimo la maji machafu, na hesabu ikabandikwa ukutani kila mwezi, hatutamkimbilia tena mwenye mkokoteni dakika ya mwisho. Na koki moja ikitazama barabarani, hata asiyeswali nasi atakinga ndoo.

Nimelipeleka pendekezo hili kwenye kamati. Mzee mmoja aliniuliza kama mchango wa maji utakuwa na jiwe la majina ya wachangiaji, kama lile la kuba. Nilimjibu kwamba Chemchem haina jiwe lenye jina la Barghash ninalolijua mimi, na bado nimemwandika leo, miaka zaidi ya mia moja na thelathini baada ya kuzikwa. Akacheka. Kisha akatoa shilingi elfu kumi, akasema ni za koki.

Wabillahi tawfiq.