Zakayo: Sadaka na Deni

Soma Luka 19:1-10. Hesabu 5:6, 7.

Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru mjini Yeriko, naye alikuwa tajiri. Roma ilitaka kiasi chake. Kilichozidi kilibaki kwa mtozaji. Uchungu wa kutozwa isivyo haki Upare waujua: Januari 1945 maelfu waliteremka kutoka milimani hadi boma la Same kuipinga mbiru, kodi iliyotozwa kwa kumkadiria kila mtu mali yake.

Yesu alipopita Yeriko, Zakayo, kwa kuwa alikuwa mfupi, alipanda mkuyu ili amwone. Yesu akaenda kukaa nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti moja. Neema ilitangulia, malipo yakafuata.

Ndipo Zakayo akatenga mafungu mawili. Nusu ya mali yake ilikuwa ya maskini. Kila aliyemtoza kwa hila angerudishiwa mara nne, ingawa sheria ilimtaka aliyeungama arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano tu. Hakuyachanganya mafungu hayo. La maskini lilikuwa sadaka. La waliodhulumiwa lilikuwa deni, na deni la mtu halilipwi kwa kumpa mwingine. Siku hiyo wokovu ulifika katika nyumba yake.

Tafakari: Fedha za mtu zimeingia kwenye simu yako kwa makosa. Ukizitolea zaka na sadaka, je, mwenyewe amelipwa? Nani anasubiri umrudishie chake kabla ya Sabato ijayo?