Eric Liddell na Mbio za Miaka Ishirini

Mara nyingi tunapowasifu wanariadha tunahesabu nishani zao, tukasahau kuuliza ni jambo gani lililowaongoza kuzipata, na baada ya kuzipata walikwenda wapi. Leo tunapenda kuwakumbusha wasomaji wetu, wa visiwani na wa maofisini, maisha ya hayati Eric Liddell, Mskochi aliyefariki dunia mwaka 1945. Maisha yake yanayajibu maswali hayo mawili waziwazi.

Liddell alizaliwa tarehe 16 Januari, 1902, katika mji wa Tianjin, kaskazini ya Uchina, wazazi wake wakiwa wamisionari kutoka Uskochi. Alisomeshwa Uingereza katika shule ya bweni ya watoto wa wamisionari, na mwaka 1920 akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusoma sayansi. Aliichezea Uskochi mchezo wa raga mara saba, kisha akauacha ili ashughulikie riadha. Mwezi wa Julai, 1923, alishinda mbio za yadi 100 katika mashindano ya ubingwa kwa sekunde 9.7, rekodi ya Uingereza iliyodumu miaka 35. Mwezi huo huo, huko Stoke-on-Trent, alianguka mwanzoni mwa mbio za yadi 440 baada ya kugongana na mwenzake. Alipoinuka, wengine walikuwa wamekwisha mtangulia kwa yadi 20 hivi. Aliwafuata, akawapita mmoja baada ya mmoja, akashinda.

Ratiba ya Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924 ilipojulikana, ilionekana kuwa michujo ya mita 100, mbio alizotegemewa kushinda, ingefanyika Jumapili, tarehe 6 Julai. Liddell aliamini kwamba Jumapili ni siku ya Mungu, akakataa kukimbia. Mbio za kupokezana vijiti, ambazo fainali zake pia ziliangukia Jumapili, nazo akaziacha. Sinema mashuhuri iliyotengenezwa mwaka 1981 yaonyesha kuwa habari hiyo aliipata alipokuwa akipanda meli kwenda Ufaransa. Kwa kweli aliijua miezi kadhaa kabla ya hapo, na tofauti hiyo si ndogo. Uamuzi wa ghafla waweza kutokana na hasira au tamaa ya sifa, lakini uamuzi wa miezi mingi humpa mtu kila asubuhi nafasi ya kurudi nyuma. Wapo waliomlaumu kuwa hana uzalendo. Yeye hakuwahukumu wenzake waliokubali kukimbia siku hiyo. Aliitumia miezi hiyo kujizoeza mbio za mita 200 na mita 400, ambazo siku zake hazikumzuia.

Katika mita 200 alipata nishani ya shaba. Tarehe 11 Julai aliingia fainali ya mita 400, akapangiwa mstari wa nje kabisa, mahali ambapo mkimbiaji hawaoni wapinzani wake. Siku hiyo hiyo, katika nusu fainali, Mmarekani Horatio Fitch alikuwa amekwisha weka rekodi mpya ya Olimpiki. Liddell alitoka kwa kasi ya mita 100, kichwa akikirusha nyuma kama ilivyokuwa desturi yake, wala kasi hiyo haikumwishia njiani. Alimaliza wa kwanza kwa sekunde 47.6.

Wengi husimulia habari zake hadi hapo, wakadhani wamemaliza. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo mbio zake ndefu zilipoanza. Mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 23 na jina lake likitajwa kila mahali, aliondoka Uingereza kwenda Tianjin kufundisha katika chuo cha misheni. Mwaka 1932 akawekwa wakfu kuwa mchungaji, na mwaka 1934 akamwoa Florence Mackenzie, binti wa wamisionari wa Kanada. Mwaka 1937, vita kati ya Japani na Uchina vilipokuwa vikienea, alikwenda kutumika huko Xiaozhang, sehemu ya wakulima maskini, ambako kaka yake alikuwa daktari. Hali ilipozidi kuwa mbaya mwaka 1941, mkewe, akiwa mja mzito, alirejea Kanada na binti zao wawili. Liddell alibaki. Binti wa tatu hakumwona kamwe.

Mwaka 1943 Wajapani walimfunga, pamoja na wageni wengine zaidi ya 1,500, katika kambi ya Weihsien, mkoani Shandong. Humo alifundisha watoto sayansi, akawapangia vijana michezo, akawasaidia wazee kubeba mizigo. Yafaa ikumbukwe jambo moja la kambi hiyo. Vijana walipocheza Jumapili bila msimamizi, mchezo uliishia katika ugomvi. Liddell, aliyeikataa nishani ya dhahabu kwa ajili ya Jumapili, alikubali kuwa mwamuzi wao siku hiyo. Wako watakaosema kwamba alijipinga mwenyewe. Sisi hatuoni hivyo. Paris aliombwa aivunje siku ya Mungu kwa ajili ya utukufu wake na wa nchi yake. Kambini aliombwa awatumikie watoto wasiumizane. Moyo uliomwelekea Mungu ndio uliomwezesha kutofautisha mambo hayo mawili.

Kijana mmoja wa kambi alifundishwa naye kuwaombea hata askari wa Kijapani waliowalinda. Liddell alimpa viatu vyake vya kukimbilia, na baada ya vita kijana huyo akaenda Japani kuwa mmisionari. Liddell mwenyewe alifariki kambini tarehe 21 Februari, 1945, kwa uvimbe katika ubongo, akiwa na umri wa miaka 43. Miezi sita baadaye, tarehe 17 Agosti, kambi hiyo ikakombolewa.

Tunawaeleza wasomaji wetu habari hizi kwa kuwa zinatuhusu, kila mtu na dini yake. Kwa watumishi wa serikali tunasema: mtu anayekataa amri moja kwa ajili ya Mungu wake si lazima awe adui wa nchi. Yafaa kwanza aangaliwe kama yuko tayari kutumika mahali pengine kwa bidii ile ile, na akiwa tayari, apewe mahali hapo, maana nchi iliyompa Liddell nafasi ya mita 400 haikupata hasara. Na kwa anayedai haki ya dhamiri tunasema: gharama yake uibebe wewe, wala usimtwike jirani. Nahodha huiangalia dira kabla ya kutweka tanga, si baada ya chombo kupanda mwamba. Liddell aliichagua dira yake mapema, akaifuata miaka ishirini bila watazamaji wala makofi. Nasi tujiulize, kila mmoja katika kazi yake, kama iko dira tunayoifuata hata siku ambayo hakuna anayetutazama.