Andrew Carnegie, mtoto wa mfumaji aliyejengea miji maktaba

Mwanafunzi wa Baraka au wa Fizi anayetafuta somo kwenye intaneti ananunua kwanza mega. Mega zikiisha, somo limesimama. Katika miji mingi ya Marekani, kijana kama huyo anaingia maktaba ya mji, anaazima kitabu na kutumia kompyuta yenye intaneti bila kulipa kitu. Baadhi ya majengo ya maktaba hizo yalijengwa kwa pesa za mtu aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita, Andrew Carnegie.

Carnegie alizaliwa tarehe 25 Novemba 1835 mjini Dunfermline, Scotland. Baba yake alifuma vitambaa kwa mkono. Mashine za mvuke zilipomnyang'anya kazi, familia ilikopa nauli na mwaka 1848 ikahamia Allegheny, karibu na Pittsburgh, Marekani. Andrew aliingia kiwanda cha pamba akiwa bado mtoto. Alifanya kazi saa 12 kwa siku, siku 6 kwa juma, kwa dola 1 na senti 20 kwa juma.

Mwaka uliofuata alipata kazi ya kupeleka ujumbe wa telegrafu, waya uliosafirisha habari haraka kuliko farasi na meli. Asubuhi, kabla mafundi hawajafika, alijifunza kwenye mashine zao. Hatimaye aliweza kuelewa ujumbe kwa kusikiliza mlio tu, akapandishwa cheo.

Vitabu alivipata kwingine. Mzee tajiri, James Anderson, aliwafungulia vijana wafanyakazi maktaba yake yenye vitabu karibu 400. Kila Jumamosi walirudisha kimoja na kuchukua kingine. Baadaye vijana wasiokuwa wanafunzi wa ufundi walitakiwa kulipa dola 2 kwa mwaka. Andrew aliandika barua kwenye gazeti kupinga jambo hilo, na mlango ukafunguliwa tena.

Kutoka telegrafu alihamia kampuni ya reli, kisha akaingia biashara ya chuma. Mwaka 1901 kampuni yake ya chuma iliuzwa kwa J.P. Morgan kwa dola milioni 480.

Utajiri huo una doa. Mwaka 1892, katika kiwanda chake cha Homestead, wafanyakazi waligombana na wasimamizi juu ya mishahara. Walinzi wa kukodiwa waliletwa, na watu wakauawa pande zote mbili. Carnegie alikuwa Scotland wakati huo, lakini lawama haikumwacha. Wapinzani wake waliuliza mtu anayechoshwa na kiwanda saa 12 atasoma vitabu saa ngapi.

Maktaba yake ya kwanza ilifunguliwa Dunfermline mwaka 1883. Zote pamoja zilifika 2,509, nyingi zikiwa Marekani na Uingereza, na nyingine mbali hadi visiwa vya Shelisheli na Morisi. Lakini alikuwa na masharti. Mji ulioomba ulitoa kiwanja, tena uliahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya pesa alizotoa, kwa ajili ya mishahara, vitabu na matengenezo. Yeye alijenga nyumba, wakaaji waliilisha. Miji mingine ilikataa.

Carnegie alifariki tarehe 11 Agosti 1919. Mwaka 1997 tajiri mwingine, Bill Gates, alianza kuweka kompyuta zenye intaneti katika maktaba za umma za Marekani, akifuata njia hiyohiyo.

Kwa Baraka na Fizi, funzo kubwa la maisha haya liko kwenye ile asilimia 10. Mfadhili anaweza kuleta vitabu, kompyuta na umeme wa jua kwa siku moja. Betri inakufa mwaka wa tatu, intaneti inalipwa kila mwezi, na mtunza maktaba naye ana watoto wa kulisha. Mji unaotaka mlango huo ubaki wazi uanze kwa kutenga pesa hizo, hata kama ni kidogo, kabla ya kumngojea tajiri.