Jaji aliyeuza msimamo kwa kura

Wadau, leo namleta George Wallace wa Alabama, Kusini mwa Marekani. Jamaa alikuwa jaji. 1958 akagombea ugavana, watetezi wa haki za weusi wa NAACP wakamuunga mkono. Akabwagwa kwenye kura za maoni za chama na John Patterson, aliyebebwa na Ku Klux Klan. Basi akageuka, akahubiri ubaguzi, 1962 akashinda. 1963 akasimama mlangoni chuo kikuu kuzuia wanafunzi wawili weusi. 1972 akapigwa risasi, akapooza miguu. Baadaye akaomba msamaha, na 1982 weusi wengi wakampa kura. Alifariki 1998. Mimi bado roho inasita: alijua anachokifanya. Nyie mngemsamehe?