Ramadhani, siku ya 18: Ummu Atiyya, muuguzi aliyekuja kuwa mwalimu



Juzi baada ya futari dada mmoja wa hapa kwetu alinifuata. Ni nesi, na kwa miaka mingi amekesha na wagonjwa mahututi. Sasa anarudi chuoni kusomea ukufunzi, awafundishe wauguzi wengine. Mumewe ameridhia. Wanaomsumbua ni majirani, wanasema anawakimbia wagonjwa akashike chaki. Akaniuliza: Ustadhi, ni kweli nakimbia? Sikumjibu pale pale. Nikamwambia asubiri post ya leo, na wewe soma naye.

Jina lake ni Nusayba bint al-Harith, mwanamke wa Kiansari wa Madina. Vitabuni utamkuta zaidi kwa jina la Ummu Atiyya (r.a.). Usimchanganye na Ummu Umara, yule aliyeshika upanga siku ya Uhud, maana majina yao yanafanana. Huyu wetu upanga hakushika. Alitoka na Mtume (s.a.w.) katika vita 7, na kila safari alibaki nyuma kwenye mizigo, anapika, anatibu majeruhi, anawauguza wagonjwa. Hebu tafakari kazi ile. Hakuna dripu, hakuna oksijeni, hakuna daktari wa kumpigia simu usiku. Kuna maji, kitambaa, moto na mikono yako. Na baada ya ile ya kwanza alirudi tena mara 6!

Mwaka wa 8 Hijria akafariki Zaynab, binti yake Mtume (s.a.w.). Ummu Atiyya alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Hapa mimi, kama mtu niliyesomea ualimu, huwa nasimama. Mtume (s.a.w.) aliingia akawaelekeza: wamwoshe mara 3, au 5, au zaidi ya hapo wakiona ipo haja, ila iwe witiri. Watumie maji na majani ya mkunazi, na mara ya mwisho watie kafuri. Waanze na upande wa kulia na viungo vya udhu. Wakimaliza wamwite. Yaani kawapa kipimo, halafu uamuzi kauacha kwa wale ambao mikono yao ipo juu ya mwili. Na huyo ni baba aliyefiwa na mwanawe! Walipomwita aliwapa shuka yake ya kiunoni, akataka imguse binti yake mwilini, chini ya sanda. Nywele za Zaynab walizichana wakazisuka mafungu 3, wakayalaza nyuma. Hayo yote tunayajua kwa sababu Ummu Atiyya aliyashika, na hakuyashika kimya.

Miaka ikapita, Mtume (s.a.w.) akatangulia, Waislamu wakajenga mji wa Basra huko Iraq. Mtoto wa Ummu Atiyya alikuwa huko. Mama akafunga safari kwa haraka amuwahi mwanawe. Hakumuwahi.

Wewe mama unayenisoma, nadhani hapa huhitaji maelezo yangu. Mwanamke aliyeuguza watoto wa wenzake katika vita 7, wa kwake amekufa yeye akiwa njiani. Siku ya tatu aliagiza manukato ya manjano akajipaka, kwa kuwa alifundishwa kwamba maombolezo ya kujizuia na mapambo hayazidi siku 3 isipokuwa kwa mume. Alilia, hilo halina shaka kwangu, mama ni mama. Ila alikuwa amempa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kutopiga mayowe ya msibani.

Na pale pale Basra akafundisha. Waliokaa mbele yake ni pamoja na Muhammad bin Sirin, yule ambaye watu wetu wanamjua kwa tafsiri za ndoto tu. Kumbe namna ya kuosha maiti aliichukua kwa Ummu Atiyya! Dada yake, Hafsa bint Sirin, naye alimuuliza kuhusu Idi, kama kweli alimsikia Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Akamthibitishia: wanawake wote watoke, wasichana wa ndani, hata wenye hedhi, wao wakae kando ya wanaoswali washiriki kheri na dua, na asiyekuwa na jilbabu aazimwe na mwenzake. Kwa hiyo wewe unayepanga kubaki jikoni asubuhi ya Idi, mwalimu wako ameshasema.

Turudi kwetu. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalipotoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, walikufa watu zaidi ya 80. Kama siku zile uliinama kumwosha Muislamu mwenzako, ukaanza na kulia, ukahesabu witiri, ukatia kafuri mwisho, basi hukubuni. Ulikuwa mwanafunzi wa yule nesi wa vita 7, darasa lile lile la Basra.

Sasa dada yangu, hili ndilo jibu langu kwako. Vitanda vile utakavyoviacha vitahudumiwa na mikono utakayoifundisha. Nenda kasome. Majirani waambie waje kwangu, nitawapa kikombe cha uji na hadithi hii.

Na jambo letu wenyewe. Wanaojua kuosha maiti za wanawake hapa msikitini wamebaki kina mama 2, na mmoja magoti hayamruhusu tena kuinama. Jumamosi hii baada ya Asri wote wawili watafundisha, upande wa kina mama. Mabinti waliobaleghe waje. Mje na ndoo na kitambaa, majani ya mkunazi yapo.