Siti binti Saad na Isnadi ya Sauti

Katika visiwa vyetu vya Lamu, kama katika mwambao mzima, hapana jina la mwimbaji wa kale linalojulikana zaidi kuliko la marehemu Bi Siti binti Saad wa Unguja. Leo napenda kumweleza msomaji maisha yake, nipate kulifikia jambo linaloniudhi: namna tunavyozipokea na kuzipitisha sauti za waliotutangulia.

Alizaliwa kiasi cha mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini ya mji wa Unguja, akapewa jina la Mtumwa. Wazee wake walikuwa watu wanyonge, naye hakujaaliwa kupata masomo. Alifinyanga vyungu, akavitembeza kijiji hata kijiji akivinadi, na yasimuliwa kuwa watu waliijua sauti yake kabla ya kumwona mwenyewe. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mtu wa chama cha taarabu cha Nadi Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, naye akamfundisha kuimba. Baada ya hapo ndipo lilipokuja jina la Siti, na la Mtumwa likaachwa.

Taarabu ya zama hizo ilikuwa ya jumba la Sultani, nayo ikiimbwa kwa Kiarabu. Bi Siti aliishusha barazani kwa Kiswahili. Aliimba mapenzi na wivu, lakini aliimba pia kesi za mahakamani na dhuluma walizotendewa wanyonge, hasa wanawake. Hakuwa peke yake. Alikuwa na Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mwalimu Shaaban na Mbaruku wa Mombasa, mafundi wa vyombo na wa maneno.

Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Nyimbo za taarabu hupigwa kwa muda mrefu, bali upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu tu, kwa hiyo wimbo ulibidi ukatwe ukae humo. Sauti ilichorwa juu ya nta, kutoka katika nta kukafanywa muhuri wa chuma, na kwa muhuri huo zikapigwa santuri nyingi. Ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, na makampuni mengine yakaja mbio kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Mwanamke wa Fumba akawa anasikika katika nyumba ambazo mguu wake haukuzikanyaga.

Bi Siti alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Mwenyezi Mungu amrehemu. Shaaban Robert, aliyeonana naye katika siku zake za mwisho, aliandika wasifu wake. Bi Kidude alizishika nyimbo zake akaziimba mpaka alipofariki mwaka 2013. Nazo santuri zilibaki mikononi mwa watu.

Lakini santuri za zama hizo ni nyepesi kuvunjika kama vigae. Nyumbani kwetu zilikuwako saba za bibi yangu. Leo imebaki moja, nayo ina ufa. Nyingine nyingi hapa Lamu zimo masandukuni, zinaliwa na unyevu wa chumvi. Mwaka 2007 kampuni ya Topic ya Uingereza ilitoa diski ya nyimbo za Waswahili za miaka ya 1920 hadi 1950, zilizonakiliwa kutoka katika hazina ya sauti ya British Library, London. Tulichokiacha kipotee sisi, wenzetu walikiweka, kisha wakakirudisha pamoja na majina ya wenyewe.

Siku hizi vijana wetu hutunga muziki kwa kompyuta. Hukata kipande cha sauti ya kale, wakakiita sampuli, wakakirudiarudia juu ya ngoma mpya. Ufundi huu ulianza kuenea pale Fairlight, chombo cha Australia, kilipotoka mwaka 1979. Mimi siuchukii. Sauti isiyosikizwa imekufa mara ya pili, na kijana anayeifufua anastahili shukrani. Lakini nilimwuliza mmoja ile sauti ya bibi katika wimbo wake ni ya nani. Akajibu aliipata kwa rafiki, na rafiki aliipata kwa rafiki. Mwenyewe hakumjua.

Sisi tuliosoma chuoni twajua kuwa habari haipokewi mpaka ijulikane imetoka kwa nani, na huyo aliipokea kwa nani. Hiyo ndiyo isnadi. Hata Muhamadi Kijuma wa hapa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tendi kwa mkono wake, na leo nakala zake zimo London na Hamburg, zikituonyesha mkono uliozipitisha.

Basi mwenye santuri na aitoe sandukuni, aifute vumbi kwa kitambaa kikavu, aipeleke kwa mwenye chombo cha kuinakili ingali nzima. Nakala aigawe kwa wengi, maana kilicho kwa mtu mmoja huondoka naye. Na juu ya kila nakala aandike jina la mwimbaji, la wapigaji, la wimbo, na la nyumba ilimotoka. Bi Siti alitoka katika jina la Mtumwa kwa jasho lake. Si haki sauti yake ikabaki bila jina.