Lincoln alivyosaka kura vijijini kabla ya kuingia Ikulu

ABRAHAM Lincoln hukumbukwa duniani kote kama rais wa 16 wa Marekani, aliyeiongoza nchi hiyo wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na kutangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya hayo yote aliwania kiti katika bunge la jimbo la Illinois mara sita, na mara ya kwanza akabwagwa.

Kwa wanaomjua kupitia sanamu na noti ya dola tano pekee, Lincoln wa miaka hiyo ni mtu mgeni kabisa. Ni kijana mrefu kupindukia, mwenye madeni shingoni, asiye na jamaa tajiri wala kisomo cha kujivunia, anayehesabu kura jinsi mwenye duka anavyohesabu sarafu jioni.

Alizaliwa Februari 12, 1809 katika nyumba ya magogo huko Kentucky. Mamake alifariki akiwa na umri wa miaka tisa, na muda wote aliokaa darasani katika maisha yake haukutimia hata mwaka mmoja. Familia yake ilihamia Indiana, kisha Illinois mnamo 1830. Mwaka uliofuata kijana huyo aliachana na baba yake akaenda kujitafutia riziki New Salem, kijiji kidogo kilichokuwa kando ya mto Sangamon.

Huko aliajiriwa kuwa karani wa duka. Kazi hiyo haikuwa na malipo ya maana, lakini ilimweka mahali ambapo kila mtu alipita. Waliokuja kununua sukari au misumari walibaki kusikiliza hadithi zake. Alishindana mieleka na Jack Armstrong, kiongozi wa genge la vijana watukutu wa Clary's Grove. Simulizi hutofautiana kuhusu aliyeshinda, ila zote zakubaliana kwamba tangu siku hiyo Armstrong na wenzake walikuwa marafiki wa Lincoln. Kwa mtu mwenye nia ya siasa, hiyo ilikuwa akiba kubwa.

Machi 1832, akiwa na umri wa miaka 23 na kabla hajamaliza mwaka kijijini humo, alitangaza kupitia gazeti la Sangamo Journal kuwa angewania ubunge wa jimbo. Siku hizo hapakuwa na kura za mchujo katika kaunti hiyo. Aliyetaka kiti alijitangaza mwenyewe, na wapiga kura wakaamua.

Ajenda yake ilihusu mambo ambayo mkulima wa Sangamon aliyaona kila siku. Alitaka mto usafishwe ili meli zifike kuchukua mazao, alitaka sheria ya kuwabana wakopeshaji waliotoza riba ya kupindukia, na alitaka elimu ipewe uzito. Hakuficha umaskini wake. Aliwaambia watu kwamba wakimkataa hatashtuka sana, kwa kuwa alishazoea kuvunjwa moyo.

Suala la mto lilikuwa na mvuto, lakini halikuwa na msingi imara. Katika majira hayo hayo meli ya mvuke iitwayo Talisman ilipanda mto huo, na Lincoln akawa miongoni mwa walioiongoza. Maji yalipoanza kupungua ilibidi irudi haraka, na sehemu ya ukuta wa kinu cha New Salem ikabomolewa ili ipite.

Kabla kampeni haijashika kasi, vita vilizuka. Black Hawk, kiongozi wa Wasauk, alivuka mto Mississippi pamoja na watu wake kurudi katika ardhi yao ya zamani, nayo Illinois ikaita wanajeshi wa kujitolea. Lincoln alijiunga nao na wenzake wakamchagua kuwa kapteni wao. Hakupigana vita vyovyote. Aliporudi, zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya uchaguzi wa Agosti 6, na kaunti ilikuwa pana mno kuzungukwa na mtu mmoja kwa muda huo.

Matokeo yalimweka nafasi ya nane kati ya wagombea 13 waliopigania viti vinne. Lakini ndani ya takwimu hizo mlikuwa na siri. Katika kituo cha New Salem alipata kura 277 kati ya 300. Na upigaji kura huo haukuwa wa siri: kila mpiga kura alisimama mbele ya makarani na kutamka kwa sauti jina la amtakaye, majirani wote wakisikia. Waliomjua walimpa karibu kila kitu. Kwingineko alishindwa kwa sababu hakujulikana.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Lincoln hakulalamika. Alianza kutafuta riziki upya, na kwa bahati au kwa hesabu, kila kazi aliyoipata ilimpeleka kwa wapiga kura. Duka alilofungua pamoja na mshirika wake, William Berry, liliporomoka. Berry alipofariki mwaka wa 1835, deni lote lilimwangukia Lincoln, akalilipa kwa miaka mingi. Lakini Mei 1833 aliteuliwa msimamizi wa posta wa New Salem, akawa anasoma magazeti ya watu kabla ya wenyewe kuyachukua na kuwapelekea barua mashambani.

Mwaka huo huo alipata kazi ya kupima ardhi chini ya John Calhoun, mfuasi wa chama cha Democratic, ilhali yeye aliegemea upande uliokuja kuitwa Whig. Aliikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba hangelazimika kubadili msimamo wake wa kisiasa. Mpima ardhi hulala katika nyumba za watu na huamua ugomvi wa mipaka. Pengine hakuna kampeni bora kuliko hiyo, mradi tu vipimo viwe sawa.

Alipojitokeza tena mwaka wa 1834 hakuandika ilani ndefu. Alitembea, akasalimia, akala na watu. Rafiki mmoja alisimulia baadaye kuwa Lincoln aliwakuta wanaume wapatao 30 wakivuna ngano, nao wakasema hawawezi kumpigia kura mtu asiyeweza kazi ya shamba. Alichukua fyekeo akawatangulia kuzunguka shamba zima. Inasemekana hakupoteza hata kura moja pale.

Yapo pia mambo yasiyopendeza sana kusimuliwa. Baadhi ya wafuasi wa Democratic walijitolea kumpigia kura Lincoln kwa lengo la kumwangusha John Todd Stuart, Mwhig mwenzake waliyemwogopa zaidi. Lincoln alimwendea Stuart akamweleza yote. Stuart, aliyejiamini, alimruhusu azipokee kura hizo. Wote wawili walishinda. Lincoln alipata kura 1,376 na kushika nafasi ya pili kati ya wagombea 13.

Mbunge mteule hakuwa na nguo za kuvaa bungeni. Alikopa dola 200 kwa mkulima mmoja, akanunua suti kwa dola 60, akapanda gari la farasi hadi Vandalia, mji mkuu wa jimbo wakati huo. Katika kikao hicho cha kwanza alizungumza kidogo na kusikiliza sana, huku Stuart akimhimiza asomee sheria.

Mwaka wa 1836 aliongoza orodha ya washindi katika kaunti yake. Kampeni hizo ndizo zilizompa umaarufu wa ulimi. George Forquer, mwanasiasa aliyehama Whig na kujiunga na Democratic kisha akapewa kazi nono serikalini, alikuwa amejenga nyumba nzuri yenye chuma cha kukinga radi. Aliposimama kumdharau Lincoln kama kijana anayehitaji kurudishwa mahali pake, Lincoln alijibu kuwa afadhali afe sasa kuliko kuishi hadi abadili chama kwa ajili ya kazi, halafu ajenge kinga ya radi ili kuilinda dhamiri yenye hatia dhidi ya ghadhabu ya Mungu. Umati ulimbeba mabegani.

Sangamon ilikuwa na wabunge saba na maseneta wawili katika bunge hilo, wote warefu, wakabandikwa jina la Warefu Tisa. Walikuwa na shabaha moja: kuuhamisha mji mkuu kutoka Vandalia hadi Springfield. Wakati huo huo bunge lilipitisha mpango wa kukopa takriban dola milioni 10 za kujenga reli, mifereji na barabara karibu kila pembe ya jimbo. Wapinzani walidai Warefu Tisa waliuza kura zao kwa kila eneo lililotaka reli ili nalo liunge mkono Springfield. Baadhi ya wanahistoria wa baadaye wametilia shaka kwamba biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi hicho. Lisilo na shaka ni kwamba Springfield ilishinda Februari 28, 1837, na kwamba mdororo wa uchumi ulioikumba Marekani mwaka huo uliiacha Illinois na deni la kutisha na reli chache mno. Lincoln aliutetea mpango huo hata ulipokuwa umeoza. Hilo ni doa ambalo wanaomsifu hulipita kwa haraka.

Ni katika kikao hicho hicho ambapo bunge lilipitisha maazimio ya kuwalaani wanaharakati waliopinga utumwa. Lincoln alikuwa mmoja wa wabunge sita tu waliopiga kura ya kuyakataa katika bunge la wawakilishi. Machi 3, 1837, yeye na Dan Stone waliweka kwenye kumbukumbu za bunge pingamizi iliyosema kuwa utumwa ni dhuluma na sera mbaya, ingawa waliongeza kwamba kelele za wanaharakati hao huzidisha madhara. Tarehe yenyewe yastahili kuangaliwa. Kura ya Springfield ilikuwa imekwisha siku tatu tu awali, na hakukuwa tena na mbunge wa kumwogopa. Alisema aliloliamini, lakini alichagua siku.

Jengo la bunge lililojengwa Springfield kutokana na ushindi huo lingali limesimama. Ni mbele yake ambapo Barack Obama, ambaye babake alizaliwa Nyanza na ambaye mwenyewe aliwahi kuwa seneta katika bunge la Illinois, alitangaza Februari 10, 2007 kwamba angewania urais.

Lincoln alichaguliwa tena mwaka wa 1838 na 1840. Mapema mwaka huo wa 1840, yeye na wenzake katika kamati ya Whig walituma waraka kwa viongozi wa kaunti uliofichua jinsi alivyouelewa uchaguzi. Kila kaunti igawanywe katika maeneo madogo. Kila eneo liwe na orodha kamili ya wapiga kura, na ijulikane kwa hakika kila mmoja angempigia nani. Wanaositasita wazungumziwe na watu wanaowaamini. Siku ya uchaguzi, kila Mwhig afikishwe kituoni. Hotuba hazikutiliwa mkazo.

Desemba mwaka huo hesabu ilimponyoka. Akitaka kikao kikose akidi ili Benki ya Jimbo ipate nafuu, Lincoln na wenzake wawili waliruka kupitia dirisha la kanisa ambamo bunge lilikutania. Walikuwa wameshahesabiwa, na juhudi hiyo ikaambulia patupu. Magazeti ya wapinzani yalimcheka kwa miezi, na yeye hakupenda kukumbushwa.

Alihudumu muhula mmoja katika bunge la taifa kuanzia 1847, kisha akarejelea uwakili. Kilichomrudisha ni Sheria ya Kansas-Nebraska ya 1854, iliyofungua maeneo ya magharibi kwa utumwa. Alichaguliwa tena katika bunge la jimbo Novemba mwaka huo, lakini akakikataa kiti. Maseneta wa taifa walichaguliwa na mabunge ya majimbo siku hizo, na katiba ya Illinois haikumruhusu mbunge kuwania nafasi hiyo. Uchaguzi mdogo ulipofanywa, wapinzani walikitwaa kiti alichokiacha.

Februari 8, 1855, wabunge walipopiga kura, Lincoln aliongoza katika duru ya kwanza huku Lyman Trumbull akipata kura tano tu. Watano hao, wapinzani wa utumwa waliotoka chama cha Democratic, walikataa katakata kumpigia Mwhig. Duru zikaendelea. Kufikia ya tisa, Gavana Joel Matteson, ambaye msimamo wake kuhusu utumwa ulikuwa wa kuyumbayumba, alikuwa na kura 47 na alikaribia ushindi. Lincoln alikuwa amebaki na 15.

Marafiki zake walitaka aendelee. Aliwaagiza wote wampigie Trumbull, aliyeshinda katika duru ya kumi kwa kura 51. Mkewe Lincoln, Mary, aliuvunja urafiki wake wa miaka mingi na mke wa Trumbull.

Mwaka wa 1858 aliwania useneta tena, dhidi ya Stephen Douglas, na midahalo yao saba ikasomwa nchi nzima. Wagombea wa bunge la jimbo waliomuunga mkono walipata kura nyingi zaidi za wananchi. Hata hivyo, mipaka ya maeneo ya uwakilishi iliwapendelea wapinzani, na Douglas akachaguliwa na wabunge 54 dhidi ya 46.

Miongoni mwa wale watano waliomkatalia mwaka wa 1855 alikuwa Norman Judd, seneta wa jimbo kutoka Chicago. Lincoln hakumwekea kinyongo. Chama kipya cha Republican kilipotafuta mahali pa kumteulia mgombea urais wa 1860, ni Judd aliyesaidia mkutano huo ufanyike Chicago, na ni yeye aliyesimama ukumbini kulipendekeza jina la Lincoln. Waliopewa nafasi kubwa ya kushinda walikuwa wengine. Lincoln aliteuliwa katika duru ya tatu, Mei 18.

Alipigwa risasi Washington usiku wa Aprili 14, 1865, akafariki asubuhi iliyofuata. Garimoshi lililobeba mwili wake lilifika Springfield Mei 3, na jeneza likawekwa katika ukumbi wa bunge la wawakilishi. Maelfu ya wakazi walipanga foleni mchana na usiku kupita mbele yake, kisha akazikwa Mei 4.